Vitu vya nyumba bure Marekani, anzia hapa
Dada uliyeuliza utapata wapi vitu vya bure maana ndo umefika Marekani na apatimenti iko tupu, ingia Facebook utafute kundi la Buy Nothing la mtaa wako, majirani wanapeana vitu bure, halafu kuna tovuti ya Freecycle nayo ipo toka 2003, watu wanagawa meza, masufuria, hadi makochi mazima kabisa ila usafiri juu yako. Kama uko karibu na chuo subiri Mei wanafunzi wakihama mabwenini, aisee wanaacha hadi friji ndogo! Godoro la barabarani usiguse, kunguni wa huku hawana masihara. Sampuli za sabuni na shampuu omba kwenye tovuti za kampuni zenyewe, ila tumia imeili ya pembeni maana watakumwagia matangazo, na wakitaka namba ya kadi eti ya kulipia posta toka hapo hapo.