Dhoruba inakuja na bangi haijavunwa: nikate au nisubiri?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Worcester, Massachusetts. Mimi na mume wangu ni raia wa hapa. Tuna mimea minne ya bangi kwa matumizi yetu wenyewe, miwili ardhini na miwili kwenye ndoo kubwa, nyuma ya uzio wenye kufuli. Maua yamejaa, yamefungana kama ngumi, nami nilipanga kuvuna baada ya wiki mbili. Sasa wametangaza mvua na upepo mkali kuanzia kesho kutwa jioni, siku mbili mfululizo. Nivune yote? Au nifunike kwa turubai nisubiri?

JIBU: Marahaba, dada. Una siku mbili kamili, na zinatosha ukianza leo.

Watu wengi wanaogopa upepo. Upepo unavunja tawi moja au mawili, na tawi lililovunjika unalikata ukalitundika likauke, basi. Kinachomaliza mavuno ni maji yanayobaki ndani ya ua baada ya dhoruba kupita. Ua lililofungana kama ngumi haliachii maji haraka, na humo ndani kuvu aitwaye Botrytis cinerea, yule yule anayeozesha zabibu na stroberi, anapata unyevu na ubaridi anaoupenda. Anaanzia katikati, kwenye kikonyo, anakuja nje. Ukiuona kwa nje, ndani kumekwisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ua limekomaa kiasi gani? Tafuta kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha sonara, uangalie vitone vya utomvu juu ya ua lenyewe, si juu ya majani. Vikiwa angavu kama maji, bado. Vikiwa vingi vyeupe kama maziwa, na kimoja kimoja kimeanza kuwa na rangi ya kaharabu, ua hilo limeiva. Likate kesho asubuhi umande ukishakauka. Mmea hauivi wote kwa pamoja. Vilele vya juu hutangulia, na ndivyo vilivyoshikamana zaidi, yaani ndivyo vitakavyooza kwanza. Mimi ningekata vilele vilivyoiva na kuacha matawi ya chini yaendelee. Siku chache zilizokosekana katika kukomaa ni hasara ndogo ukilinganisha na ua lililooza lote.

Ile miwili ya kwenye ndoo isikuumize kichwa. Iingize gereji au banda kesho kutwa mchana kabla tone la kwanza halijaanguka, uiwashie feni isiyoipuliza moja kwa moja. Giza la siku mbili mwishoni mwa msimu haliidhuru. Usiimwagilie kabla ya kuihamisha. Ndoo kavu ni nyepesi, na udongo mkavu hauongezi unyevu humo ndani.

Ya ardhini ndiyo kazi. Pigilia mambo (vigingi) tatu kuzunguka kila mmea leo, udongo ukiwa bado mgumu, maana ukishalowa hazishiki. Funga kila tawi kubwa kwa kitambaa laini au soksi kuukuu, kitanzi cha namba nane kati ya tawi na mambo, kikiacha nafasi ya kuyumba kidogo. Kamba nyembamba iliyokazwa hukata gome kama kisu. Kisha punguza majani mapana ya katikati ili hewa ipite.

Kuhusu turubai: usiufunike mmea kama mzigo wa lori. Ukiufunika mpaka chini, unauwekea kuvu chumba cha mvuke, na upepo ukilivuta turubai linaondoka na matawi. Ukifunika, liwe paa tu, limeinuka juu ya mmea, limeinama upande mmoja maji yateremke, na pembeni kuwe wazi. Upepo ukizidi, liondoe. Afadhali mmea ulowe.

Usipulizie dawa yoyote sasa, wala salfa wala mafuta ya mwarobaini. Hili ua litavutwa.

Mvua ikikatika tu, toka nje. Tikisa kila tawi taratibu, maji yadondoke. Halafu, kwa siku nne au tano, kila asubuhi kagua vilele kimoja kimoja. Tafuta kijani, yaani jani dogo, kilichochomoza katika ua, kimenyauka na kuwa cha njano au kahawia huku wenzake wabichi. Kivute. Kikigoma, pengine ni uzee tu. Kikitoka bila nguvu, fungua ua hapo: utakuta kahawia laini na vumbi la kijivu. Kata sentimita tano chini ya uozo, tia katika mfuko palepale usitawanye vumbi, futa mkasi kwa spiriti. Usijaribu kuokoa nusu ya ua hilo. Moshi wa kuvu ni hatari kwa mapafu, zaidi kwa mwenye pumu. Ukikuta uozo kwenye vilele vitatu au vinne, vuna mmea mzima siku hiyo hiyo.

Neno kwa wasomaji wengine, nami nalisema kwa uchungu. Massachusetts inaruhusu mwenye miaka 21 kupanda mimea 6, isizidi 12 kwa nyumba, lakini sheria ya shirikisho bado inakataza. Idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilieleza mwaka 2019 kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kukukwamisha uraia hata kama jimbo lako limeruhusu. Mwenye green card asipande hata mche mmoja kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Vilele utakavyokata kesho, vitundike chumba chenye giza, nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, matawi yasigusane. Siku za dhoruba nyumba nayo hushika unyevu, kwa hiyo funga madirisha ya chumba hicho na uwashe mashine ya kuondoa unyevu kama unayo. Baada ya siku 7 hadi 14 kunja kijitawi kidogo: kikilia kwa kukatika, vimekauka.