Usimruhusu fundi akutilie waya mnene kwenye fyuzi

Mwanangu, asalaam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya kuwa ukiwasha AC ya juu na pasi kwa pamoja fyuzi inakatika, na fundi kakwambia dawa ni kutia waya mnene zaidi au basi akubadilishie boksi tu, aweke la breka, mambo yaishe. Hapana. Hilo la kwanza ndo hapana kabisa.

Fyuzi ile haikatiki kwa ubovu, inakatika kwa kuwa waya wa ukutani umezidiwa. Ukitia mnene itanyamaza, kisha kitakachoungua ni waya wenyewe, nao umepita juu ya boriti. Mie yalinikuta, wewe uko skuli bado, fundi mmoja kasokota nyuzi tatu za kopa kazitia pale, tukaona raha, mpaka siku moja mamako akasikia harufu ya mpira unaungua nyuma ya friji. Nafungua soketi, mpira wa waya ukanimeguka mkononi kama kisheti kikavu, kopa yote nje. Toka siku ile nikaandika kwa kalamu kwenye vile vishikio vyeupe vya fyuzi: taa ampea 5, soketi ampea 15. Angalia kama hayajafutika.

Sasa boksi jipya juu ya waya za zamani, breka ni nzuri sikatai, lakini nyumba ile ya Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, kuta zake ni mawe na chokaa, masika zinatoka jasho, na waya umechoka unavujisha. Ukiweka ile RCD ya miliampu 30, ile ya kukata umeme unapovuja, itakuwa inakata kila mvua ikinyesha, halafu fundi huyohuyo atakwambia aitoe, na ndiyo ya kukuokoa wewe na wanao.

Kwa hiyo kwanza apime waya zote kwa mega, kile kipimo cha kujua kama mpira wa waya bado unazuia umeme, asikwambie kwa macho. Halafu waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, manake taa hazina na soketi zinao chache tu, achimbie chini na fimbo mpya ya kopa. Kisha waya, kwa milimita za mraba: taa 1.5 na breka ya ampea 10, soketi 2.5 na breka ya 20, AC laini yake peke yake, jiko la umeme 6 na breka ya 32. Boksi ndo mwisho. Pesa zikipungua anzia jikoni na hiyo AC, vyumba vya juu vitasubiri.

Na asikuchimbie ukuta, apitishe kwenye tranking, yale mabomba bapa ya plastiki, juujuu, ule mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000, kabla ya kugusa ukuta uliza kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Sili ya mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, pia asiiguse, waite ZECO, shirika la umeme, wakukatie.

Nimekumbuka na jenereta. Umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009 tukakaa giza kama miezi mitatu, mie nikilichomeka kwenye soketi ya jikoni kwa waya wenye plagi huku na huku, najiona mjanja kweli, kumbe umeme unaweza kurudi mpaka kwenye nguzo ukamuua mtoto wa watu yuko kazini. Waya ule naamini upo stoo bado, ukate. Fundi akuwekee chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta, si yote kwa pamoja.

Mega ikishapimwa nitumie picha ya zile namba. Na mpaka hapo ukipiga pasi, zima AC.

Babako, Wete