Njia za delta ni tambarare, lakini angalia maji

Ndugu, umeuliza kama mama yako mwenye maumivu ya magoti ataziweza njia za delta, pale mto unapoingia baharini, kwa kuwa hazina vilima. Ataziweza, ila utambarare usikudanganye: tope hunyonya mguu hadi kiatu kibaki chini, na goti ndilo linaloumia. Kaeni juu ya tuta au njia ya mbao, naye ashike fimbo.

Ninachokihofia zaidi ni maji. Mara nyingi hujaa kwa saa 6 hivi, kisha yakapwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka, hupanda zaidi, na vijito hujaa nyuma yenu mkiwa bado mnatazama ndege. Ingieni yakiwa yanakupwa, mgeuke mapema. Goti likiwa limevimba, amwone daktari kwanza.