Sumaku za pikapu zikichoka

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama gitaa lako la umeme limefifia sauti kwa sababu sumaku za pikapu, kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake, zimechoka. Si lazima iwe sumaku. Chumvi ya baharini hula waya wa koili, yaani waya uliozungushwa kwenye sumaku hizo, nao ni mwembamba mno. Pima kwanza koili kwa mita ya ukinzani wa umeme: pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kilo-omu 5 hadi 7. Ikisoma sawa, koili ni nzima, basi shuku sumaku: tambua ncha zake kwa dira na uziandike. Kisha, ili kuzitia nguvu upya, bana sumaku mbili nene za neodimiamu (aina yenye nguvu sana) kwenye jiliwa, zitazamane kwa ncha zinazovutana, upitishe pikapu katikati taratibu, kaskazini yake ikielekea kusini ya sumaku kubwa. Tafadhali chunga vidole, zikirukiana zinaponda! Sumaku za diski kuu ya kompyuta usizitumie kwa kazi hii, maana uso wake mmoja una ncha mbili.