Kabla ya Kusema Nyama ya Ughaibuni ni Rahisi

Mwaka jana binti yangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya bei ya nyama ya ng'ombe, nami, nikiwa ndiyo kwanza narudi kutoka Marikiti, soko letu la Mombasa, na kikapu mkononi, nikapiga hesabu ya haraka na kumjibu kwamba bei yao haiko mbali na yetu. Nilikosea, tena mara mbili. Bei ile ilikuwa ya ratili, si ya kilo, na kwa kuwa ratili moja ni gramu 454 tu, ilinipasa niizidishe kwa 2.2 kabla ya kuigeuza shilingi. (Wazee wetu wa Mji wa Kale, waliozoea kupimiwa kwa ratili, wasingenaswa hapo.) Isitoshe, yake ilikuwa steki tupu, ilhali yangu ilikuwa ya mbuzi, na mifupa yake. Usiku ule, baada ya kula, niliikusanya mifupa hiyo nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 280. Kweli ilitupa supu nzuri, lakini nyama niliyoilipia kilo haikuwa kilo.

Mboga zina matata zaidi. Kwenye soko la Kongowea nyanya na mchicha huuzwa kwa fungu, na wakati wa ukame aghalabu bei husimama palepale huku fungu likinywea. Kwa hiyo pima mwenyewe nyumbani kabla ya kulinganisha na pakiti iliyoandikwa gramu. Wala usichague mboga moja ukaifanya hoja. Mchicha, ambao kwetu ni chakula cha kila siku, binti yangu huufuata kwenye duka la wahamiaji, lakini kuku, ambaye hapa tunamweka hadi aje mgeni, kwake ndiye kitoweo cha kawaida.

Lililo zito kuliko yote ni ujira. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi; gawanya bei ya kilo kwa ujira wa saa upate muda wa kazi unaoinunua, kisha ufanye vivyo hivyo kwa kibarua wa Mombasa. Siku hizi binti yangu haniandikii dola, huniandikia dakika za kazi. Kwenye nyama hunishinda kila mara, ila kwenye mchicha bado hajanipata.