Baa Nzuri Huanzia Kaunta

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: baa nzuri ya mtaani inatofautianaje na baa chapwa, ile ambayo mtu akishatoka hakumbuki hata alikaa wapi? Najua wengi watataja mapambo, muziki na tabasamu la wahudumu. Jibu langu ni jingine. Baa nzuri ina mtu aliyemo ndani yake kila jioni mwenye mamlaka ya kuamua, naye huamua. Watu wakiongezeka anapunguza muziki. Bia ikiwa na walakini anaimwaga bila kumpigia bosi simu. Baa chapwa huendeshwa kwa maagizo ya mtu asiyekaa humo, ndiyo maana kila kitu kiko mahali pake lakini hakuna kinachomjali aliyeketi.

Anzeni kutazama kaunta. Hapo ndipo mtu aliyekuja peke yake anaweza kukaa bila kuonekana mpweke: mikono ina pa kuegemea, macho yana pa kutazama, na maongezi na jirani yanaweza kuanza na kukatika bila yeyote kuona haya. Kwa hiyo vipimo vyake si suala la seremala peke yake. Kaunta ya viti virefu iwe na kimo cha sentimita 105 hadi 110, na kiti kiwe na 75 hivi, ili mapaja yapate nafasi chini ya ubao. Ubao wenyewe utokeze mbele sentimita 25 hadi 30. Ukikatwa sambamba na ukuta wa kaunta, magoti yanagonga ukuta, mteja analazimika kukaa upandeupande, na baada ya nusu saa mgongo unamwambia aende nyumbani. Kati ya kiti na kiti, ukipima katikati hadi katikati, acha sentimita 60 hadi 70. Ukibana zaidi viwiko vinagombana. Ukiachanisha sana, kumsemesha jirani kunahitaji kupaza sauti, na watu huacha. Kwa wanaosimama, bomba la kukanyagia lililo sentimita 20 kutoka sakafuni hupumzisha mgongo kuliko mtu anavyodhani.

Kaunta iliyopinda inaishinda iliyonyooka. Kwenye pembe watu wanaonana nyuso, na mzaha wa upande mmoja unaweza kujibiwa upande wa pili. Kaunta ndefu iliyonyooka inawapanga watu kama abiria wa basi, wote wakitazama mbele. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni kuigeuza kaunta kuwa ghala: mashine ya malipo, mitungi ya mapambo, rundo la menyu, mabango ya ofa. Kila kitu kinachowekwa pale kati ya mhudumu na mteja kinaondoa sentimita kadhaa za maongezi.

Sauti ndiyo inayoziua baa nyingi ambazo vinginevyo zingekuwa nzuri. Maongezi ya kawaida kati ya watu walio umbali wa mita moja ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Zogo la chumba likipita 70, kila mtu anapaza sauti bila kujijua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911. Tatizo ni kwamba sauti yako iliyopanda inakuwa zogo la meza ya jirani, naye anapandisha yake. Mhudumu akiona muziki hausikiki, anauongeza, na mzunguko unaanza upya. Anayejua kazi hufanya kinyume: chumba kikijaa, muziki unashuka, kwa sababu sasa watu wenyewe ndio muziki. Chumba kikifika desibeli 85, wafanyakazi wanaokaa humo saa nane kila siku wanahatarisha masikio yao, na hilo pekee lingetosha kumfanya mwenye baa ashike kitufe cha sauti.

Spika nyingi ndogo zilizosambazwa na kupigwa kwa sauti ya chini zinafaa kuliko mbili kubwa za pembeni, kwa maana kubwa zikitakiwa zisikike kule mwisho, lazima ziwatese waliokaa karibu. Kisha tazama dari. Sakafu ya vigae, kuta za plasta, vioo na dari tupu hurudisha kila sauti chumbani. Bamba za sufi ya madini, yaani nyuzi za mawe zilizoshindiliwa, zenye unene wa sentimita 5, zikafunikwa kitambaa na kuning'inizwa juu ya meza, hupunguza mwangwi zaidi ya zulia jembamba. Mapazia mazito husaidia. Hata kubandika kitambaa kinene chini ya mbao za meza husaidia kidogo, na mteja haoni chochote.

Sasa bia, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uvivu unapoonjeka. Bia ya pipa, kwa lager ya kawaida (ile bia ya dhahabu inayonywewa baridi), inataka nyuzijoto 3 hadi 4 pipani kwenyewe, si kwenye koki tu. Pipa la lita 50 lililoletwa likiwa na joto linahitaji siku nzima kwenye chumba cha baridi kabla ya kufunguliwa. Likifunguliwa mapema, gesi inatoka kwenye bia na glasi inajaa povu. Mhudumu asiyefundishwa hushusha presha ya mtungi wa gesi inayoisukuma bia, akidhani gesi imezidi. Povu halipungui, kwa sababu presha ikishuka gesi inazidi kuikimbia bia ndani ya mpira wa kuelekea kwenye koki, na nusu ya pili ya pipa inatoka imepooza. Dawa ni kupima joto kwanza. Kwa bia kama hiyo, kwenye mipira mifupi, presha ya bar 0.8 hivi (bar ni kipimo cha presha) inatosha. Isiguswe kila povu linapotokea.

Mipira inayoleta bia kutoka pipani hadi kwenye koki isafishwe kila wiki mbili kwa dawa yenye kostiki, alkali kali inayoyeyusha uchafu, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Dawa izungushwe kwa pampu dakika 15. Bila pampu iachwe mpirani muda mrefu zaidi, kisha maji safi yapitishwe mpaka hakuna utelezi wala harufu. Koki zifunguliwe na kila kipande kipigwe brashi, maana uchafu mwingi unakaa humo panapoingia hewa. Kila miezi mitatu tumia dawa ya asidi kuondoa ukoko wa madini ambao kostiki haiuwezi. Miwani na glavu ni lazima, na dawa hizi mbili zisikutane kamwe. Baa inayoruka ratiba hii inajulikana mdomoni: bia yenye harufu ya siagi ina bakteria kwenye mipira, na yenye ukali wa siki mara nyingi imechafukia kwenye koki. Ndiyo maana kwenye baa inayojiheshimu bia iliyolala mpirani usiku kucha humwagwa asubuhi. Hauziwi mteja wa kwanza.

Idadi ya koki si sifa. Bia nne zinazotoka haraka zinazishinda kumi zinazolala.

Glasi nayo ina mambo yake. Mafuta kidogo tu, ya chakula, ya midomo au ya sabuni iliyobaki, yanaua povu. Glasi za bia zisioshwe kwenye maji ya sahani, na zisifutwe kwa kitambaa. Ziinamishwe juu ya waya au raki inayopitisha hewa zikauke zenyewe. Zikiinamishwa juu ya taulo zinabaki na uvundo. Kuzipima ni rahisi: chovya glasi kwenye maji safi uinue. Maji yakiteremka kama utando mmoja, ni safi. Yakikatika vipandevipande, kuna mafuta. Hata mteja anaweza kujua bila kuuliza: viputo vikinata ukutani mwa glasi chini ya bia, pale kuna uchafu. Glasi safi huachiwa pete ya povu kila unapopiga funda.

Katika kumimina, glasi isuuzwe kwa maji baridi, iinamishwe nyuzi 45, na koki ifunguliwe yote kwa mara moja. Koki iliyofunguliwa nusu hutapika povu. Mdomo wa koki usiguse glasi wala bia. Glasi ikijaa nusu isimamishwe, imaliziwe na povu la sentimita 2 au 3. Povu hilo si wizi, ndilo linalobeba harufu. Wizi ni kujaza povu hadi nusu.

Kwa chupa, adui ni mwanga. Jua au taa kali ya friji, kupitia chupa ya kijani au isiyo na rangi, hubadilisha uchungu wa hops, maua yanayotiwa kwenye bia, kuwa harufu ya kicheche, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Chupa ya kahawia hulinda zaidi. Barafu ichotwe kwa kijiko chake, si kwa glasi. Glasi ikivunjika karibu na sanduku la barafu, barafu yote imwagwe na sanduku lisuuzwe, kwa kuwa kipande cha kioo ndani ya barafu hakionekani. Na asiyekunywa kilevi apewe glasi nzuri ileile na kinywaji kilichoandaliwa kwa makini. Kumpa soda ya moto na mrija ni kumwambia kwamba hakutarajiwa.

Kuhusu meza: maongezi mamoja hubeba watu wanne. Akija wa tano, kikundi kinagawanyika kuwa maongezi mawili. Kwa hiyo meza za wanne zinazoweza kusogezwa na kuunganishwa zinafaa kuliko meza ndefu zilizopigwa misumari. Watu huanza kujaza viti vyenye ukuta mgongoni. Weka benchi kuta zote uwezavyo, na meza ya mlango wa choo iondoe kabisa. Baa yenye meza ya pool iache mita 1.5 kila upande, au kila pigo litakuwa ugomvi na aliyeketi nyuma.

Taa ziwe za rangi ya joto, za kiwango cha 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), nyingi na hafifu, zikielekea meza na kaunta badala ya macho, na ziwe na kitufe cha kupunguzia. Taa moja nyeupe ya darini inaharibu kazi yote. Televisheni isitazamane na kaunta, na isiwake isipokuwa kuna kitu watu wamekuja kukitazama. Choo kikaguliwe kila saa: sabuni, kitasa kinachofunga, ndoano ya koti au mkoba. Hapo sina la kuongeza.

Watu ndio waliobaki. Mhudumu mwema anakutazama machoni ndani ya nusu dakika hata kama mikono imejaa, na anajua nani alifika kabla ya nani, hivyo mwenye sauti kubwa hapati faida. Kumbukumbu hiyo haijengeki kwa wafanyakazi wanaobadilishwa kila mwezi. Wapewe siku zilezile za wiki, wateja wajue nani yupo lini. Wajue pia kukataa kumuuzia aliyelewa. Mwili huondoa kama gramu 10 za kilevi kwa saa, karibu kinywaji kimoja, na kahawa wala maji ya kuoga hayaharakishi. Maji ya kunywa yaletwe bila kuombwa, na kukataa kufanyike mapema, kwa sauti ya chini, kabla glasi haijamiminwa, huku wahudumu wengine wote wakiwa wameshaambiwa.

Baa ya mtaani ina ugonjwa wake ambao baa chapwa haiupati: wateja wa kudumu wakiimiliki. Kiti cha fulani, kona ya fulani, utani ambao mgeni hauelewi, kimya kinachoanguka mlango ukifunguliwa. Baa isiyo na wateja wa kudumu haina uhai, lakini isiyo na wageni inakufa pamoja na wazee wake. Mwenye mamlaka niliyemtaja mwanzo ana kazi hapa ambayo hakuna maagizo ya maandishi yanayoweza kuifanya. Anamkalisha mgeni kaunta, katikati ya wazoefu, kisha anamuuliza mmojawapo swali ambalo mgeni naye anaweza kulijibu. Na mteja wa miaka mingi anayewatukana wahudumu anaambiwa akae nje wiki mbili, kama angeambiwa mtu mwingine yeyote.

Mwenye baa aliyeona yake imepooza asianze na fundi rangi. Wiki ya kwanza asafishe mipira na kufungua koki, atenge maji ya glasi na ya sahani, na kuvua taa nyeupe. Wiki ya pili aondoe kila kitu kilicho juu ya kaunta, kisha arudishe tu kile ambacho mhudumu amekiomba. Muziki aushushe mpaka watu wawili walioketi kaunta waweze kuzungumza bila kuinamiana. Ratiba ya wahudumu aibandike na asiibadilishe kwa miezi mitatu. Halafu awape ruhusa, kwa maneno yanayoeleweka, ya kumwaga bia mbovu na kumkataa aliyelewa bila kumuuliza bosi, na siku ya kwanza wakiitumia ruhusa hiyo, asiwakaripie.