Siriasi ipi?

Nilimtumia mama mdogo ujumbe wa maneno matatu: "Mjomba yuko siriasi." Wiki nzima tulikuwa tukibishana kama mjomba anataka kweli kuuza shamba au anatupima tu, na siku hiyo nilikuwa nimeongea naye nikahakikisha. Dakika chache baadaye simu ikaita. Mama mdogo analia: "Wamemlaza wapi?"

Kosa halikuwa lake. Mgonjwa akizidiwa, tunasema yuko siriasi. Mtu akiacha utani, yuko siriasi. Akinyamaza kidogo tu, "mbona leo uko siriasi?" Neno lenyewe silikatai, nalitumia kutwa, lakini kwa mdomo, pale sauti na uso vinapomalizia maana. Kwenye maandishi nakushauri utafute neno linalojitegemea.

Kwa mgonjwa lipo: amezidiwa, au, kama maisha yake yako hatarini, yu mahututi. Hili la pili usilitie chumvi. Si kila aliyelazwa ni mahututi.

Kwa nia, sema "kwa dhati". Dhati tumeipata kwenye Kiarabu, na huko ni kiini cha kitu, nafsi yake hasa. Ndiyo maana mtu anaweza kukuchekea huku nia yake ni ya dhati. Ningeandika "Mjomba ana nia ya dhati ya kuuza", au hata "Mjomba hatanii", mama mdogo asingetoa chozi.

Linalochanganya wengi ni "makini". Watu hulidhania ni Kiswahili sanifu cha siriasi, wakamaliza. Lakini mtu makini ni aliyetulia, mwenye akili yake kwenye anachokifanya, na anaweza kuwa mcheshi wa kutupwa. Fundi makini hupima mara mbili kabla ya kukata, huku anapiga soga. Halafu angalia amri zake: ukimwambia mtu "kuwa makini", unamtahadharisha, ukimwambia "kuwa siriasi", umeshamtuhumu kwamba analeta masihara. Niliwahi kumwambia mwenzangu kazini hilo la pili nikikusudia la kwanza. Alininunia hadi jioni, na alikuwa na haki. (Na ni watu makini, jamani, si "wamakini".)

Uzito nao una mitego. Kosa zito, neno zito, hapo hakuna shida. Ila mtu mzito ni kigogo, au ni mgumu wa kunyanyuka. Ukimpendekeza kijana kazini kwa sifa hiyo, anayesoma atabaki anajiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Na jambo linalotaka kushughulikiwa, omba tu litiliwe maanani.

Mama mdogo alishanisamehe. Ila kila nikimwandikia kwamba kuna jambo siriasi, jibu linafika kabla sijaweka simu chini: "Siriasi ya kulazwa au ya kuuza?"